Viatu vya Honorata

Haya nilielezwa na Stumai, aliyekuwa akipika chai kwenye shamba moja la mkonge kule tambarare, chini ya Same. Tulikuwa tukipukuchua mahindi, mwaka uliofuata zile mvua za Elinino.

Serikali ilikuwa imeliuza shamba. Mwenye shamba mpya aliacha kuwagawia wafanyakazi mabuti, akanunua farasi wa kukagulia mistari ya mkonge. Honorata, mkata mkonge aliyetoka Kasulu, alifanya kazi peku masika yote. Jumatatu moja alipoosha miguu alikuta vidole vimeshikana, vimekuwa kwato. Akazifuta kwa kanga, akaenda kazini.

Shida haikuwa kwato. Shida ilikuwa mawe. Kwato zililika, akaanza kuchechemea, na aliyechechemea aliambiwa atoe vyombo vyake kambini siku hiyohiyo. Honorata alikuwa na mtoto darasa la nne na hakuwa na pengine pa kwenda.

Mzee Fanueli, mhunzi wa Bombo, alipoteremka kumvisha farasi viatu, Stumai akampeleka Honorata palepale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete mguu."

Alipinda chuma kama mwezi mchanga, akamwonyesha. Mbele kuna ulimi wa kushika ncha ya kwato. Mikono miwili inapita pembeni, na nyuma pako wazi ili mguu upumue. Huku chini kuna mfereji wenye matundu, vichwa vya misumari vizame humo.

"Kilike chuma, usilike wewe."

"Na msumari, mzee?"

"Ukishika ukucha, husikii kitu. Ukigusa nyama, kesho hutembei."

Honorata akauma kanga.

"Taratibu, mzee," Stumai akasema. "Huyu hapigi teke, lakini akifungua mdomo!"

Msumari wa mwisho ulimfanya Honorata ashtuke. Fanueli akauchomoa. "Huu tuuache."

Asubuhi msimamizi, Bartholomeo, alisikia chuma kikilia juu ya mawe. Akamsimamisha Honorata, akainama kutazama.

"Umevishwa vizuri," alisema. "Basi habari ya mabuti imekwisha. Waambie na wenzako waende kwa fundi. Wewe kuanzia kesho utavuta na toroli la mkonge."

Jioni kambini wafanyakazi waliosha miguu, kila mmoja akivitenganisha vidole vyake kwa mikono. Stumai akafukia moto, akalala. Mtoto alikuwa amekwisha lala. Honorata alijaribu kitanda, mwili ukakataa. Akaegemea ukuta karibu na mlango, akalala amesimama.