Jeli Haipigwi Mkono wa Pili

Fundi wa vanishi alijipaka jeli yake ya kwanza ya homoni ya kiume mabegani, ikakauka, akajitazama kiooni. Kukauka imekauka, lakini mabadiliko wapi! Uchovu ule ule. Tangu lini mbao ikang'aa kwa vanishi ya mkono mmoja, kupakwa mara moja tu? Akashika tyubu apige mkono wa pili.

Mkewe akampokonya. "Baba watoto, daktari alisema mara moja kwa siku! Nguvu na hamu zitarudi taratibu, baada ya wiki kadhaa."

"Sasa nitajuaje kama inafanya kazi?"

Mkewe akamrushia shati ajifunike. "Mwaka mzima unanigeuzia mgongo ukijifanya umelala. Wiki chache ndizo zinishinde?"

Fundi akavaa shati. Kumbe mwenzake naye alikuwa macho siku zote hizo.