Kompyuta Juu ya Matofali

Mume wangu alikuwa mwashi. Kabla madaktari hawajamwondolea kisanduku cha sauti kwa ajili ya uvimbe wa koo, alirekodi maneno mia tatu na arobaini kwenye kompyuta kuukuu tuliyoachiwa na binti yetu. Muuguzi ndiye aliyetushauri, na ndiye aliyetuwekea programu yenyewe. Kila neno lilikuwa na kitufe chake kwenye skrini. Ukikibonyeza, sauti yake inatoka, ile ile yenye mkwaruzo, kama koleo likichota kokoto.

Tulirekodi alasiri mbili tu. Aliyataja aliyoyaona ya maana: maji, maumivu, nigeuze, jina langu, namba, na baada ya hapo akaingia kazini kwake. Saruji. Mchanga. Timazi. Ukuta. Nilimwambia, "Baba, timazi utamwomba nani kitandani?" Akacheka mpaka akakohoa.

Miezi minne kompyuta ile ilikuwa mdomo wake. Baadaye ikaanza kupata moto. Feni ililia kama nyigu ndani ya kopo, na baada ya dakika saba skrini ilizimika. Ilibidi tungoje nusu saa ndipo iwake tena, na kuwaka kwenyewe kulichukua dakika tano nyingine.

Wakati huohuo daktari aliniita pembeni akaniambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Nilipomwambia mume wangu, aliomba daftari. Aliandika kwa muda mrefu, herufi zikilala upande. Miaka tisa nyuma, ukuta wa ghala walioujenga yeye na mdogo wake ulianguka ukamvunja mtu mguu. Walikuwa wakichanganya saruji kwa zamu; mwenye ghala alipouliza zamu iliyoharibika ilikuwa ya nani, mume wangu alimtaja mdogo wake. Habari zikapita mdomo kwa mdomo, kila fundi akiongeza chumvi yake, mpaka shemeji akakosa hata kazi ya kuziba ufa. Akahama. Hawakusemezana tena. Mwisho wa ukurasa mume wangu aliandika: *Nilichanganya mimi. Nitafutie mdogo wangu.*

Nilimpigia shemeji nikiwa nimefungua spika ya simu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Pole, shemeji," alisema. "Pole sana."

"Ana neno anataka kukuambia. Hawezi kusema, nitakusomea."

"Hapana. Maneno ya kuletewa ndiyo yaliyonihamisha mji. Sitaki tena mjumbe, hata kama mjumbe ni wewe ninayekuheshimu. Nikisikia sauti yake, nitamsikiliza. Nisipoisikia, mzikeni salama."

Akakata. Mume wangu alikuwa ameyasikia yote. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta, nayo ilikuwa imezimika.

Nilimwendea fundi wa kompyuta, mama mmoja mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alikuja nyumbani na mkoba wake, akaifungua mashine juu ya meza. Alipoinua kifuniko cha chini, aliinama kuchungulia. Kisha akauliza, "Nani anaimwagilia hii?"

"Kuimwagilia vipi?"

"Mama, feni ina kutu. Kutu! Kama bawaba ya lango. Vumbi ningelielewa."

Nilimgeukia mume wangu. Aliangalia ukutani. Baadaye alichukua daftari, akaandika: *Zege hupozwa kwa gunia bichi.* Kumbe kila asubuhi nilipotoka kuteka maji alikuwa akiloweka kitambaa, anakikamua, anakitandika chini ya kompyuta na kukibadilisha kikipata moto, kama alivyofanya na kila sakafu aliyomwaga maishani mwake.

"Mzee," Bisibisi alimwambia, "zege ukilipa maji linakuwa gumu. Hii ukiipa maji inakufa. Ungeniuliza."

Mume wangu alibonyeza kitufe ambacho hakikuwepo, juu ya shuka. Nadhani alitaka kujibu.

Niliuliza kama tunaweza kuzihamisha sauti kwenye simu yangu. Bisibisi aliichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Faili zilikuwemo, lakini zimeandikwa namba tupu. Programu tu ndiyo iliyojua namba ipi ni neno lipi, na kwenye mashine nyingine programu iligoma.

"Tuitengeneze hii hii," alisema. "Lakini nakuambia ukweli, namtibu mgonjwa mwenye magonjwa yote."

Ilimchukua siku mbili. Aliweka diski mpya, nyepesi, isiyozunguka wala kupata moto sana, akainakilia kila kitu cha ile ya zamani. Aliongeza kumbukumbu ili mashine isihangaike. Alikwangua dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama lipu, akapaka nyingine. Feni ya aina ile hakuipata popote. Alileta ya kompyuta nyingine, ikawa nene kidogo, kifuniko kikakataa kufunga. Basi akakiacha wazi.

"Isilale kitandani kabisa," alisema. "Chini ipite hewa."

Mume wangu aliashiria uani. Nilimletea vipande vinne vya tofali. Akiwa ameegemea mito, aliviweka juu ya ubao mapajani mwake, akaomba pima maji yake, akasogeza kimoja, akaweka karatasi chini ya kingine, mpaka kiputo cha hewa kikatulia katikati. Bisibisi alisubiri mpaka amalize, ndipo akaiweka kompyuta juu.

Ikawaka kabla sijaketi. Dakika kumi, ikawa bado iko hai. Dakika ishirini. Nilianza kulia kwa furaha, na hapo ndipo nilipomwona anatafuta. Alishusha orodha mpaka chini, akaipandisha, akaishusha tena. Alitafuta "nisamehe". Haikuwepo. "Nilikosea." Haikuwepo. "Samahani." Katika maneno mia tatu na arobaini hakuwa ameweka hata moja la namna hiyo, na mimi niliyeketi naye alasiri mbili sikulikumbuka.

Na sauti ya kulirekodi ilikuwa imetupwa hospitali.

"Tupige basi," nilimwambia. "Akusikie hata ukimwita."

Shemeji alipokea. Niliweka simu karibu na spika ya kompyuta, nikaanza kuipepea kwa sinia. Nje jua lilikuwa la utosi.

"Mdogo wangu," kompyuta ilisema.

Kisha shemeji, polepole: "Kaka?"

Mume wangu alishusha orodha. Kidole kilipotea njia, kikarudi.

"Ukuta," ilisema. "Mimi."

"Ukuta upi?"

"Changanya. Mimi. Mchanga. Mingi."

Alikosea kitufe, alitaka "mwingi". Akatikisa kichwa kwa hasira, akatafuta tena. Feni ilianza kupiga mluzi.

"Mchanga. Mwingi. Mimi."

Nilipepea kwa mikono miwili. Nilidhani shemeji amekata, nikainama kutazama simu; dakika zilikuwa bado zinahesabika.

"Saruji kwa mchanga, ilikuwa ngapi kwa ngapi?" aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kazini.

Mume wangu alifunga macho, akayafungua.

"Moja," ilisema kompyuta. "Kumi."

"Kumi!" Shemeji alicheka, kicheko kibaya, kilichovunjika katikati. "Kaka, kumi? Hata banda la kuku halisimami kwa kumi! Unajua mimi miaka tisa nalala nikihesabu mifuko ile ya saruji? Naihesabu mmoja mmoja. Nadhani labda niliruka. Labda mvua. Labda mkono wangu. Mke wangu ananiamsha, bado nahesabu."

"Hapana," ilisema kompyuta.

"Nilikuwa naogopa kupita karibu na kuta nilizojenga mwenyewe."

"Hapana. Hapana."

Skrini ilififia. Jasho lilinitiririka nikipepea, nikisema, "Subiri, baba, ipoe kidogo." Hakunisikiliza. Alibonyeza kitufe kile kile tena na tena, hapana, hapana, hapana, mpaka sauti ikakatika katikati ya neno na skrini ikawa nyeusi. Kidole chake kikaendelea kubonyeza.

"Nimesikia," shemeji alikuwa anasema kwenye simu. "Kaka, nimesikia. Shemeji, mshike mkono, mwambie nimesikia."