Mate ya Kung'arishia Matufaha

Kwenye banda la kupangia matufaha, mate yalikuwa chombo cha kazi. Tunda hufika kutoka shambani limejaa madoa meupe ya dawa ya wadudu, yamekauka kama kinyesi cha ndege, na kitambaa kikavu hakiyatoi. Basi mwanamke hulamba kidole gumba, akasugua, akalamba tena, akasugua, mpaka tunda ling'ae kama kipara cha bwana harusi. Maji hayakuruhusiwa. Msimamizi, waliyemwita Miwani, alisema yanaozesha mzigo.

Bibi alikuwa amelamba hivyo miaka mingi bila kujiuliza. Ila siku hizi chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni, na lawama zote alimtupia mke wa mwanawe: binti mkono mzito kwa kila kitu isipokuwa chumvi. Mkwe aliongeza chumvi mpaka mumewe akasukuma sahani.

Kisha mkwe naye akaja kazini, tumbo limeshatangulia mbele, akaketi benchi moja na Bibi. Hakufundishwa kwa maneno. Mtoto wa watu alitazama tu, akaiga. Siku moja Bibi akageuka akamwona. Ulimi umetoka nje, una utando kama maziwa yaliyoganda. Pembe za midomo zimechubuka. Kidole kinatoka kwenye doa kinaingia mdomoni, na tumbo limekaa mapajani likingoja fungu lake. Jambo alilolifanya mwenyewe maisha yote, kuliona kwenye mdomo wa mwingine kulikuwa kama kumwona mtu akilamba sakafu ya choo.

Akamwendea Miwani kuomba ndoo ya maji na vitambaa. Miwani akasema kama dawa ingekuwa inaua, Bibi angeshazikwa zamani na banda lingepumzika na maneno yake. Wenzake wakacheka, maana Bibi ana domo, hilo halina ubishi. Bibi akamkataza mkwe kulamba. Mkwe akajitahidi, lakini madoa hayakutoka, kreti zake zikarudishwa, na kidole nacho kikarudi kulekule.

Hata akaja mnunuzi, shati jeupe, ananukia marashi. Miwani akaokota tufaha mbele ya mkwe, bado lina unyevu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mnunuzi akaling'ata, akasifu linavyong'aa.

Bibi akasubiri atafune vizuri.

"Samahani, baba," akasema kwa upole, kama anayekaribisha mgeni. "Hilo unalokula limelambwa na mkwe wangu. Ya kreti ile nimelamba mimi."

Taya la mnunuzi likasimama. Akatema kiganjani, akakitazama alichotema, akatema tena, akaomba maji, akasukutua mpaka macho yakamtoka. Bibi akamweleza habari za dawa, za ndimi zao, za mimba ile iliyokaa mbele yake. Mnunuzi hakusikia hata moja. Alikuwa akijifuta ulimi kwa leso.

Kabla jua halijatua, ndoo zilikuwa zimefika, na amri: atakayeonekana analamba aende kwao. Bibi alizitazama zile ndoo akataka kutapika. Vidonda vya midomo yao havikuwahi kuleta hata kikombe. Mate yao kwenye kinywa cha bwana mmoja yameleta ndoo.

Lakini kidole kina mazoea. Mkwe akijisahau tu, gumba limo mdomoni. Kesho yake Bibi akatwanga pilipili, akampaka gumbani.

"Mama, kwani unaniachisha ziwa?" mkwe akauliza akicheka.

"Nakuachisha ujinga wangu, mwanangu."

Akajipaka na yeye. Hawakukaa sana, mkwe akajisahau, akaruka kutoka kwenye benchi ulimi nje, machozi yanamchuruzika, banda zima likaangua kicheko. Bibi alicheka kuliko wote. Kisha akatia gumba lake mdomoni, makusudi. Akangoja. Akalisugua kwenye ulimi huku na huku, mpaka pilipili yote ikaisha kidoleni.

Hakuhisi kitu.

"Yako imekuwasha, Mama?" mkwe akauliza, akirudi kuketi.

"Inawasha mno," Bibi akasema, akachovya kitambaa kwenye ndoo.