Fungu la Mgeni

Mwalimu Teodosia alikuwa na sauti ndogo mno, hata wasichana wa darasa la tano walizoea kunyamaza ili wamsikie. Nidhamu yake yote ilikuwa hiyo. Alikuwa ametoka chuoni mwaka uleule, akapangiwa shule ya kati ya wasichana Nachingwea, na mpaka sasa moyo ulimdunda kila alipoitwa na Mwalimu Mkuu Dionisia.

Siku hiyo aliitwa kwa ajili ya Biasha, mmoja wa wasichana wake.

"Hesabu za uwiano zimemshinda mtoto huyu," Mwalimu Mkuu alisema. "Jaribio ni Ijumaa. Akianguka tena, arudi kwao. Nimekwisha tuma salamu Matambarale, waje kumchukua."

"Na akifaulu?"

"Sema kwa sauti, Teodosia!"

"Akifaulu, Mwalimu Mkuu?"

"Basi atakayekuja atakuwa amekula vumbi la bure."

Jioni Teodosia alilifungua daftari la Biasha. Lori likienda maili arobaini kwa saa mbili, kwa saa tatu litakwenda maili ngapi? Sitini. Sawa kabisa. Wasichana wanne walishonewa magauni kwa yadi kumi na mbili; wasichana saba je? Ishirini na nne. Kosa. Watu sita hula vibaba vitatu vya unga. Watu ishirini je? Kumi na nusu. Kosa. Malori na matrekta aliyapatia yote. Palipotajwa watu, alikosa.

Kesho yake, wenzake walipotoka kucheza, alimbakiza.

"Biasha, mama, gauni moja linakula yadi ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Magauni saba?"

"Ishirini na moja."

"Sasa hii ishirini na nne uliyoandika?"

Biasha alitazama vidole vya miguu yake. "Ni pamoja na la mgeni."

"Mgeni gani? Kitabu hakikumtaja."

"Mgeni hatajwi, Mwalimu. Anakuja tu. Bibi huwa anapima unga wetu, halafu anaongeza fungu la mtu mmoja. Anasema usipofanya hivyo umepima uchoyo."

"Hata gauni?"

"Akija amechanikiwa na nguo je?"

Teodosia alicheka hadi akaziba mdomo kwa kanga. Kumbe wiki zote hizo alikuwa akiweka mkasi mwekundu wa kosa juu ya hesabu iliyokwisha patikana! Asingejua fungu la mtu mmoja, huyu mtoto angemwongezaje mgeni?

"Sikiliza," alisema, akimshika bega. "Watu wa kwenye kitabu hawatembelewi na mtu. Wahesabu waliotajwa tu, basi."

Biasha alifikiri. "Maskini," alisema.

Ijumaa swali la mwisho lilikuwa la vibarua. Sita hula vibaba tisa kwa siku. Kumi watakula vingapi? Teodosia, aliyesimama dirishani, alimwona Biasha akiandika kumi na tano, akiinua kalamu, akiitazama ile namba kwa huruma kama mtu anayefunga mlango na huku nje kuna mtu. Halafu akaiacha hivyohivyo.

Alifaulu. Mwalimu Mkuu aliyasoma majina mwenyewe, na jina lake likawamo.

Jioni, zamu ya jikoni ilikuwa ya Biasha na wenzake. Ugali ulikuwa umeshapakuliwa alipoingia uani bibi mmoja mwembamba, vumbi jekundu hadi magotini, kichwani kikapu cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini. Alikuwa Bi Sikuzani, bibi yake Biasha.

"Mke mwenzangu!" alimtania mjukuu wake. "Mzigo uko wapi nikubebee?"

"Hakuna mzigo, Bibi. Nimefaulu. Nawa mikono."

"Njia yote hii nimetembea bure?" Bibi alikuwa akilalamika huku meno yote yakionekana. Alikaa mkekani, akawekewa sahani iliyojaa.

Mwalimu Mkuu alisogea, akawatazama wasichana, kila mmoja na sahani yake, kisha akaitazama sahani ya bibi.

"Unga hutolewa kwa idadi ya wanafunzi. Leo nani kapima?"

Biasha alisimama, kijiko mkononi. "Mimi, Mwalimu Mkuu."

"Basi umekosea hesabu."

"Hakukosea!"

Ilikuwa sauti ya Teodosia, na hata wapishi waliokuwa mbali kisimani waligeuka.

"Hakukosea, Mwalimu Mkuu," alirudia, uso ukimwaka moto. "Hesabu hiyo nimeisahihisha mwenyewe."