Maharamia Saba wa Ziwa Kivu

Binti yangu Nishimwe alipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja akaandika Ukweli, upande wa pili Hadithi, kisha akaanza kuwaua maharamia mmoja mmoja. Kasuku begani: hadithi. Hazina iliyozikwa kisiwani: hadithi, isipokuwa mara chache mno. Mateka kutembezwa juu ya ubao hadi baharini: karibu yote hadithi.

"Sasa maharamia baliiba nini?" nilimuuliza huku nikichambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa chakula cha mchana.

"Kamba, Maman. Unga, dawa, matanga. Vitu vya kazi. Bengi balikuwa mabaharia maskini tu."

Hilo nililijua bila kulisoma.

"Tuje kwa Papa," alisema. Kazi yake ya chuo iliishia Ziwa Kivu, kwa wale aliokuwa ameambiwa walimuua baba yake, Fabien, yeye akiwa na mwaka mmoja. "Balikuwa bangapi?"

"Bane."

"Mwaka jana ulisema saba."

"Basi bamezaa."

Hakucheka. "Haina shida. Mzee Harerimana atatoa ushahidi. Ijumaa anakuja chuoni kusimulia mbele ya walimu."

Niliweka sambaza chini.

Harerimana ni mvuvi, na ndiye baba wa ubatizo wa Nishimwe. Kwetu, siku ya kumaliza kilio, mtu wa karibu husimama akaeleza marehemu aliishi vipi na alikufa vipi. Likishasemwa pale, watu wakalishushia kwa bia ya ndizi, haliulizwi tena. Siku ile ya Fabien, shemeji zangu walikaa wakitazama miguu yao. Akasimama Harerimana. Akasema maharamia walitoka ng'ambo, wakaupindua mtumbwi. Kila aliyekuwepo alijua si kweli. Wakanywa. Tangu hapo namsalimia kwa mikono miwili, na kila salamu hunikaa kooni chungu kama kwinini.

"Usimwite," nilisema.

"Juu ya nini?"

Ningemwacha mzee huyo asimame mbele ya watu wanaodai tarehe na vielelezo, arudie uongo aliousema kwa ajili yetu? Hapana.

"Juu ya baba yako. Hapakuwa na haramia mwingine, ni yeye tu. Aliiba nyavu. Zilikuwa zimeloa, nzito, na mtumbwi mdogo. Ukapinduka. Alikutwa amenasa humo."

"Nyavu za nani?"

"Za Harerimana. Ndiye aliyemtoa majini."

Nilingoja machozi, hata kitambaa nilikuwa nimeshakishika. Lakini huyu ni mtoto wangu, hulia baada ya kumaliza kazi.

"Ilikuwa mara ya kwanza?"

"Hapana."

"Na wewe ulijua?"

Huku kila mvuvi hufunga uzi wa rangi yake kwenye maboya ya nyavu, ili azitambue zake. Ningeweza kusema nilikuwa msichana bado, nilikuwa na njaa, nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Yote yalikuwa kweli.

"Zile za kwanza, nyuzi nilikata mimi," nilisema. "Nilitoa nyekundu, nikafunga za kijani. Hapo mlangoni, wewe ukiwa mgongoni mwangu."

Nishimwe alifunua ukurasa mpya.

"Jina kamili la shahidi?" aliuliza, kwa sauti ambayo angemuulizia mtu yeyote.

Nikamtajia langu, herufi kwa herufi.