Shule Yenye Mlango Mmoja

Watu wa leo wakisema shule yetu ya kutwa kule Mbebe ilianzishwa na dini, nawaacha waseme. Ilianzishwa na mkono. Mimi nilikuwapo, na ugonjwa wa kusahau sina.

Kule misheni padri alitoa amri: mwanamke anayetaka mwanawe asome, kwanza ampe mkono baba mkwe wake mbele ya kanisa, ionekane ameacha ushenzi. Sisi huku milimani mke wa mwanao hakutazami usoni wala hataji jina lako. Mkikutana njiani anaingia majanini, nawe unageuka, kila mtu na heshima yake. Mgeni yule hakuuliza. Aliamuru tu, kama ndugu zake wa bomani, utadhani milima hii ilikuwa inamngoja yeye aje aifundishe adabu. Basi Mzee Andongwisye akasimama katikati ya ibada, akavaa kofia yake humo humo kanisani, akatoka. Nyumba nyingi zikamfuata, na mwenye kelele kuliko wote nilikuwa mimi.

Tukajenga kanisa letu la miti na udongo, na siku za kazi likawa shule. Asubuhi mtoto anakuja, jioni anarudi kwao kufukuza ngedere kwenye mahindi. Na kwa vile misheni walizoea kuzoa watoto bila kuwauliza wazazi wao, Mzee Andongwisye akatunga kanuni: mtoto ataletwa na aliyemzaa, na mzazi huyo atajibu kwa kinywa chake, macho kwa macho na wazee waliokaa. Tukapiga makofi. Wanaume watupu tulikuwa, ndiyo maana hakuna aliyeona tatizo.

Siku ya mwisho ya kupokea watoto tulikaa wazee watatu: Andongwisye, Amoni na mimi. Asubuhi tulikuwa tumemrudisha Raphaeli, aliyeleta mtoto wa kaka yake. Alikwenda akinung'unika. Mara mlango ukajaa mgongo. Mgongo, nasema! Mwanamke amejifunika kaniki hadi kichwani, anaingia kinyumenyume, amemshika binti mkono.

Mzee Andongwisye alipoiona ile kaniki tu, akafungua mwavuli wake ndani ya nyumba, akajificha nyuma yake.

"Paa linavuja?" Amoni akauliza, na huku alijua vizuri. Alikuwa Enesi, mke wa Yonasi, mwana wa Andongwisye. Yonasi mwenyewe alikuwa ng'ambo ya Tunduma, kwenye migodi ya shaba, akiwachimbia wengine utajiri.

"Mama Lusungu, geuka basi tukuone."

"Hapa panatosha, mzee Amoni. Masikio ninayo."

"Kanuni inasema macho kwa macho."

"Basi nije mwakani?"

"Mwakani mambo si yatakuwa haya haya?"

Lusungu, bila kuambiwa, alipitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio la pili, kuonyesha umri wa shule ameufikia. Akabaki hivyo, amelishika, akitutazama mmoja mmoja. Nilijisikia vibaya.

"Andongwisye," nikasema, "kanuni ni yako. Ilegeze."

"Raphaeli nimemrudisha," mwavuli ukajibu. "Nikilegeza kwa mjukuu wangu, kesho watasema nimejenga shule ya ukoo."

Enesi akauambia mti wa mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye foleni nje: "Mzee Amoni, naomba umwulize mwenye mwavuli. Alipotoka misheni alisema anatoka kwa heshima ya wake wa wanawe. Mimi nilimfuata na mzigo kichwani. Sasa mbona kule nilifungiwa kwa kukataa mkono, na hapa nafungiwa kwa kukataa macho?"

Nje wanawake wakaguna. Amoni akajikuna shingo. Mwavuli ukatikisika kidogo, kisha ukafungwa.

"Kanuni inasema wazee waliokaa," Andongwisye akasema, uso wake ukutani. "Mimi nasimama. Kiti changu kibaki wazi mpaka amalize."

Neno zuri, ila mlango ulikuwa mmoja, na Enesi alikuwa ndani yake, na nyuma yake foleni imebanana. Mzee akatazama dirisha. Lilikuwa tundu la kuingiza mwanga, na yeye alikuwa mtu wa kifua. Akatanguliza kofia. Akatanguliza mguu. Koti likanasa kwenye mti.

"Babu, inua kidogo!" Lusungu akaachia sikio, akakimbia, akamsukuma kwa mikono miwili. Tukasikia kishindo, halafu kuku.

Enesi akageuka, akaja, akakaa mbele yetu. Macho makavu kabisa. Amoni akauliza jina la mtoto, akajibiwa. La baba, akajibiwa. La babu, Enesi akafumba mdomo.

"Andongwisye!" Lusungu akapaza sauti.

"Nipo!" dirisha likaitika.

Amoni akacheka mpaka akafuta machozi. "Akae na wenzake," akasema.

Kesho yake masomo yalianza kwa vumbi. Mzee Andongwisye alikuwa na shoka, anapanua lile dirisha liwe mlango wa pili. Enesi alipopita na majani ya kuezekea, mzee akaugeukia ukuta, akaendelea kukata.

"Babu," Lusungu akaita kutoka ndani, "mwalimu anasema ukate polepole, hatusikii."