Nguzo Iliyokatwa Mguu

Sina subira na watu wanaosema wamesahau. Mimi nakumbuka kila kitu, na ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Hapa kijijini Tha Krabuan historia yetu haiko vitabuni. Mto Yom umeshaimeza ofisi ya wilaya mara mbili, pamoja na makaratasi yake yote. Kilichobaki ni nguzo moja kati ya zile zinazoinua nyumba yetu juu ya ardhi. Kila yalipokuja mafuriko, baba alisubiri maji yatulie, akachonga mstari pale yalipofika, kisha akaandika mwaka kwa rangi nyekundu. Mstari wa juu kabisa ni wa 2538, kwa kalenda yetu ya Kibudha. Baba alipofariki, nguzo ikabaki mikononi mwangu, mtoto wa kwanza. Kila mwaka mpya naipaka mafuta ya nazi kabla sijabandika hata chungu cha wali. Mpwa wangu aliwahi kuikwaruza kwa msumari, nikamzaba kofi ambalo mama yake, mdogo wangu Samruai, hajanisamehe sawasawa.

Basi mwaka juzi alipokuja mhandisi kuuliza tuta la kuzuia mto lijengwe kimo gani, mdogo wangu wa kiume, Prayong, ambaye ni mkuu wa kijiji, alimleta kwangu moja kwa moja. Nilivaa hariri niliyofuma mwenyewe. Nikamwonyesha mstari wa 2538. Akaupima, akaongeza shibiri moja ya tahadhari, wakajenga. Mwezi mzima nilitembea kifua mbele.

Aliyefurahi kuliko wote ni Samruai. Nyumba yake iko bondeni, nyuma ya tuta, na humo anamuuguza mama mkwe asiyeweza kusimama. Akauza mtumbwi wake.

"Wa nini tena, dada?" alinicheka. "Nipige kasia kwenye bustani ya vitunguu?"

Jumanne iliyopita alinitembelea Thongyot, fundi aliyetusogezea nyumba hatua chache kutoka ukingoni, kwenye ardhi ya usawa ule ule, mwaka 2540. Alipoingia chini ya nyumba akagonga kichwa kwenye boriti.

"Nyumba yako fupi hii, Lamduan," alisema akijisugua.

"Labda wewe ndiye uliyerefuka uzeeni."

"Si miguu ya nguzo ilikuwa imeoza? Tuliikata dhiraa nzima. Usiniambie umesahau, wewe ndiye uliyetupikia kambare siku ile."

Sikusahau. Hata msumeno niliushika upande mmoja. Ila miaka yote hiyo sikuwahi kuyaweka mambo mawili pamoja: nguzo ikifupishwa chini, mistari yote inashuka nayo. Nikaenda kusimama mbele ya nguzo. Mstari wa 2538 ulinifika kifuani. Na siku ile ya maji, nilimwona baba kwa macho yangu, mrefu kama mimi, amesimama kando ya nguzo hii hii, maji yamefika mstarini, ameinua kidevu ili apate pumzi. Basi na tuta lililopimwa kwa mstari huo ni fupi.

Nilimkuta Prayong akiwalisha majogoo wake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Dada, nyamaza kwanza. Mvua zikiisha tutaandika barua wilayani."

"Na yule bibi wa watu aliyelala kitandani bondeni, naye asubiri barua?"

"Unataka nichekwe wilaya nzima?"

"Nichekwe mimi. Aliyeionyesha ni mimi."

Kesho yake asubuhi, alipowasha kipaza sauti cha kijiji kutoa matangazo yake ya kila siku, nilimsukuma pembeni nikasema yote: msumeno, dhiraa, tuta fupi. Watu wakaja kuitazama nguzo. Wakaitazama, wakanitazama, wakacheka. Mmoja alisema kichwa changu kimeoza kabla ya miguu ya nyumba. Wengine wakaenda zao shambani. Juu huko mto unakotoka, mawingu meusi yalikuwa na siku ya tatu hayajasogea.

Samruai alikuja mwisho, mikono imejaa udongo wa vitunguu.

"Huu ni mwandiko wa baba," alisema. "Baba hakukosea."

"Hakukosea. Tumekosea sisi tuliokata."

"Ulimzaba mwanangu kofi kwa ajili ya mistari hii, dada. Miaka yote unatuambia tukiwa na shaka tuje tuiulize nguzo. Leo unasema haina maana?"

Nilipanda jikoni nikachukua panga, nikaanza na 2538. Mti ule ni mgumu, na mafuta ya miaka mingi yalilifanya panga liteleze. Ile nane ya baba, yenye mkia uliopinda, ilinichukua muda mrefu. Nililia, sitaficha. Rangi nyekundu ilinigandia vidoleni pamoja na jasho. Nilipofika mstari wa tatu, Samruai alinishika mkono.

"Basi, dada. Inatosha."

"Haitoshi. Niachie."

Aliniachia. Alitazama vipande vya mbao miguuni petu, halafu akatazama mawingu.

"Yule aliyenunua mtumbwi wangu," aliuliza, "atakubali kuurudisha?"

"Nenda kamuulize sasa hivi. Mimi namalizia hapa."